Pipa Lilikuwa Linajaa Tu

Kama kuna kitu kinachonichefua siku hizi hapa Mpanda, ni wazee wanapokaa kwenye makochi ya watoto wao na kuanza kuisifia zamani. Wape chai ya maziwa na maandazi mawili, utayasikia yote: zamani watu walipendana, zamani jirani alikuwa ndugu, zamani ulimchapa mtoto wa mwenzio na mama yake akaja kukushukuru. Nimewasikia kwenye misiba, kwenye harusi, kwenye vikao vya wazazi shuleni kwangu. Kila mwaka zamani yao inazidi kuwa tamu na wao wenyewe wanazidi kuwa wema. Kwa mwendo huu, siku ya kuwazika tutakuwa tunazika malaika watupu.

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi, nina miaka arobaini na kitu, na mdomo wangu unajulikana kuanzia Makanyagio mpaka sokoni. Kwa hiyo nilipopigiwa simu na binti wa marehemu aliyekuwa na televisheni ya kwanza mtaani kwetu, nilijua kabisa naitwa kwenye nini. Yeye na mimi ni rika moja na tulisoma shule moja, ila yeye aliolewa Dar es Salaam na huko ndiko anakoishi. Alikuwa amekuja kumwona mama yake, ambaye amekula chumvi nyingi na ameanza kusahau. Akataka amrekodi kwa simu, pamoja na majirani wa zamani, wakisimulia jinsi televisheni ya baba yake ilivyoingia mtaani, ili ukoo utakapokutana waonyeshwe.

"Njoo na mama, mwalimu," akaniambia. "Si na nyie mlikuwa mnakuja kuangalia?"

Nikamwambia tutakuja. Nilikuwa na sababu yangu na sioni haya kuisema. Nilitaka mtu mmoja, katika sebule ile ile, atamke mbele ya ile simu kwamba pipa la maji lililokuwa mlangoni mwao lilijazwa na mama yangu. Basi. Sikutaka pole wala zawadi. Mama ana miaka sabini na ushee na shingo yake haigeuki tena. Akitaka kukutazama inabidi ageuze mabega yote. Daktari alipomwuliza amebeba nini maishani mwake, alijibu neno moja tu, "Maji." Nilitaka lisemwe angali hai na masikio yake yanafanya kazi.

Yeye hakutaka kwenda. "Nendeni mkaseme nyie," aliniambia akiwa anachambua maharage uani kwangu. "Mimi nitasema nini? Ile tivii mimi sikuiangalia."

Nikamshikilia. Nikamvalisha kitenge kipya, nikaita bajaji, na Jumapili baada ya ibada, saa tisa za mchana, tukaingia.

Sebule ilikuwa ile ile, ila imebadilishwa sura. Zulia jekundu limeondolewa, kumewekwa vigae vinavyoteleza. Televisheni yao ya sasa ni bapa, imetundikwa ukutani, na mchana ule ilikuwa inawaka bila sauti wala mtazamaji. Ile ya zamani ilikuwa nene kama kreti la soda, nayo ilikaa ndani ya kabati la mninga lenye milango miwili na kufuli. Ufunguo marehemu aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge na mafuta ya taa, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Umeme wa mji miaka hiyo ya tisini ulitoka kwenye majenereta na ulikuja ulipojisikia, kwa hiyo yeye alikuwa na jenereta yake nyuma ya nyumba na dishi kubwa juu ya paa, na mtu akikohoa katikati ya taarifa ya habari, alizima. Alizima kweli, anafunga kabati, watu thelathini wanarudi makwao kwa sababu ya kikohozi cha mmoja. Leo wanasema alikuwa mtu wa nidhamu.

Walikuwepo watatu wa kusimulia. Wa kwanza ni mjane mwenyewe, amezama kwenye kochi amejitanda khanga. Wa pili ni mzee aliyestaafu reli, ambaye mpaka leo anavaa kofia yake ya kazi hata akienda kununua vitunguu. Wa tatu ni mama fundi, aliyewashonea nguo nusu ya Makanyagio. Binti wa nyumba aliweka simu kwenye kijiti chenye miguu mitatu, akatutambulisha mmoja mmoja kwa sauti ya kitangazaji. Alipofika kwa mama yangu akasema:

"Na huyu ni mama mzazi wa mwalimu wetu mkuu. Yeye alikuwa mfanyakazi wa bomani."

Bomani, maana yake ofisi za wilaya. Mama hajawahi kufanya kazi bomani. Uongo ule niliutunga mimi nikiwa darasa la tano, na binti yule alikuwa ameutunza miaka yote kama nilivyompa. Mama akageuza mabega, akanitazama, kisha akayarudisha mahali pake. Nami sikusahihisha. Nilijiambia tuanze kwanza, nitasahihisha mbele ya safari.

Mzee wa reli ndiye aliyefungua. "Mimi nilikuwa nakaa hapa hapa," akasema, akipiga mkono wa kochi. "Pembeni ya marehemu. Tunaangalia habari kama mtu na ndugu yake."

Uongo mtupu. Mzee wa reli alikuwa anasimama nje, dirishani, ameshika nondo kwa mikono miwili, kwa sababu marehemu alisema nguo zake zinanuka grisi na grisi haitoki kwenye zulia. Nilikuwa namwona kutoka mkekani nilipokaa: paji la uso na macho mawili, basi. Nimeshakutana na watu wengi mno waliokaa kwenye kochi lile. Ukiwapanga wote waliosema walikaa pale, lile kochi lilikuwa na urefu wa behewa, na yeye wa reli angejua behewa linachukua wangapi.

Kisha akaleta kile kisa cha babu aliyekuwa akimwitikia mtangazaji. Mtangazaji anasema habari za jioni, babu anajibu nzuri, karibu. Wakacheka mpaka mjane akafuta machozi. Kisa hiki nimekisikia Makanyagio, nimekisikia Mishamo kwenye semina ya walimu, nimekisikia mpaka Kapalamsenga kule ziwani. Kila mahali yupo babu huyo, na kila mahali ni babu wa mtu mwingine. Hakuna hata mmoja anayesema alikuwa baba yangu, au nilikuwa mimi.

Kichekesho chenye ukweli hawakukisimulia, kwa hiyo nakisimulia mimi. Utabiri wa hali ya hewa haukuitaja Mpanda hata siku moja. Wakati huo tulikuwa mkoa wa Rukwa na makao makuu yalikuwa Sumbawanga, basi mtaa mzima ukakubaliana kwamba Sumbawanga ikitajwa, ni sisi tumetajwa. Sumbawanga iko juu, kwenye baridi ya kuuma mifupa. Sisi huku tunaiva. Lakini mtangazaji akisema kutakuwa na baridi kali, mama fundi alikwenda nyumbani akawavalisha wanawe masweta. Asubuhi watoto wanakwenda shule jasho linawatiririka mgongoni, na ukimwuliza anakuangalia kama mjinga: "Imesemwa kwenye tivii." Wengine wakamfuata. Ule ndio mwaka ambao mama fundi alishona makoti mengi kuliko magauni, hapa, Mpanda, mahali ambapo mbuzi anatafuta kivuli saa tatu asubuhi.

Sasa msikilizeni anavyoisimulia leo. "Zamani kulikuwa na baridi hapa, jamani," aliiambia simu kwa huzuni. "Watu tulikuwa tunavaa makoti. Siku hizi hali ya hewa imeharibika, watu wamekata miti."

"Kweli kabisa," akasema mzee wa reli. "Baridi ilikuwepo."

Nikanywa chai yangu. Mtu anayeweza kukumbuka baridi ambayo haikuwepo, utamfanya nini?

Ndipo mama fundi akafika nilipokuwa napasubiri. "Na usafi!" akasema. "Usafi wa zamani haupo tena. Kabla ya kuingia hapa lazima unawe miguu. Mkristo unanawa, Mwislamu unanawa, kama mnaingia msikitini. Vumbi lote linabaki mlangoni."

"Pale mlangoni kulikuwa na pipa," akadakia mzee wa reli, na uso wake ukalainika kabisa. "Pipa la bluu. Maji safi, ya baridi. Yaani lile pipa, bwana, lilikuwa linajaa tu. Hujui nani kaweka. Wewe unachota kopo lako, unanawa, unaingia. Ndiyo raha ya zamani hiyo."

Lilikuwa linajaa tu. Mimi nafundisha Kiswahili darasa la sita, pamoja na ukuu wangu wote wa shule. Kila mwaka nawaandikia watoto ubaoni: kujaa na kujaza. Kitu kinajaa, mtu anajaza. Tofauti yake ni herufi moja, na ndani ya herufi hiyo yumo mtu. Wazee hawa wameiacha herufi hiyo njiani miaka thelathini, na hakuna hata mmoja aliyejikwaa.

Aliyelijaza alikuwa amekaa nao, anakunywa chai kwa taratibu, kwa sababu akiinua kikombe ghafla shingo inamkamata.

Mama alinileta mjini kutoka Kapalamsenga baada ya baba kupata mwanamke mwingine ng'ambo ya ziwa na kusahau njia ya kurudi. Tulipanga chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga, hapa hapa Makanyagio, tukakaa miaka mitatu. Mama aliongea Kibende vizuri na Kiswahili kwa kukwaruza, na sokoni walimwigiza. Alishika wazo moja kichwani: kwamba mimi nisiigizwe. Aliposikia kuna nyumba ambayo watu wa redioni wanaonekana mpaka midomo, akamwendea mke wa mwenye nyumba, huyu mjane wa leo. Wakakubaliana. Yeye atajaza pipa la mlangoni kila siku, na mimi nitakaa mkekani mbele kabisa, kila jioni na Jumapili mchana kutwa.

"Ukae karibu, mama," aliniambia, maana mimi mwanawe aliniita mama. "Uangalie wanavyofungua midomo. Uchukue Kiswahili chao."

Kisima kilikuwa bondeni. Alianza kabla hakujapambazuka, ndoo kichwani, anapanda na kushuka, mpaka pipa linafurika. Kisha ndipo anakwenda vibaruani kwenye mashamba ya watu. Watu wa mtaa wakija jioni, miguu yao myekundu kwa vumbi la Mpanda, wanakuta pipa limejaa. Yeye hakuja jioni. Jioni alikuwa anasonga ugali, na mimi nikirudi ananikalisha kwenye kigoda.

"Haya, mama. Wamesema nini leo?"

Nami nilikuwa namsimulia. Nilisoma taarifa ya habari yote upya, kwa sauti ya mtangazaji, nimenyoosha mgongo. Nilimwigiza mpiga mieleka wa Jumapili mpaka anacheka anaacha mwiko. Mambo ambayo sikuyaelewa niliyatunga. Mama aliisikia televisheni nzima kupitia mdomo wangu, na sidhani kama nimewahi kupata msikilizaji wa namna ile tena, pamoja na kamati zote za shule nilizohutubia.

Sasa ile ya bomani. Shuleni nilikuwa nakaa dawati moja na binti wa nyumba. Yeye alikaa kochini, mimi mkekani, lakini tulikuwa marafiki kadiri kochi na mkeka vinavyoweza kuwa marafiki. Siku moja akaniuliza mama yangu anafanya kazi gani. Kiswahili changu kilikuwa kimeshanyooka wakati huo, nilikuwa nimeshajiona mtu wa ndani ya kabati la mninga. Nikasema yuko bomani, anapiga chapa. Binti alikuwa analala wakati mama anamimina maji mlangoni kwao, kwa hiyo alikuwa hajamwona hata mara moja. Akaniamini.

Jumapili moja kulikuwa na mieleka, na walikuja watu wengi kuliko kawaida, kulikuwa na wageni wa harusi kutoka nyumba ya pili. Miguu ikawa mingi, pipa likakauka. Mke wa mwenye nyumba akatoka uani kupaza sauti kwamba maji yamekwisha, na sijui nani alimfikishia mama habari. Mieleka imepamba moto, nikasikia kelele mlangoni. Nikageuka. Mama amesimama kizingitini na ndoo kichwani, maji yanamchuruzika usoni, miguu yake imejaa vumbi. Miguu ya kila mtu aliyekuwa ndani ilikuwa safi, ila yake.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona televisheni. Alisahau ndoo. Aliangalia wale wanaume wawili wanavyobamizana, mdomo wazi, na akaniita kutoka mlangoni, kwa Kiswahili chake kile kile cha ziwani:

"Mama! Wale watu wanauana kweli?"

Sebule nzima ikapasuka kwa kicheko. Mzee wa reli alicheka dirishani. Mama fundi alicheka. Binti wa nyumba akainama kutoka kochini, akaniuliza sikioni, hakuuliza kwa ubaya, alitaka kujua tu:

"Huyo ni nani yako?"

Nikasema, "Ni mchota maji."

Sikusema kwa sauti kubwa. Lakini sikunong'ona pia. Nilisema kwa ile sauti ya kusoma habari, maneno yamenyooka, kila silabi mahali pake. Mama alikuwa hatua nne kutoka kwangu. Akageuka, akaishusha ndoo, akamimina maji kwenye pipa, na maji yakapiga kelele kubwa. Kwa miaka thelathini nimejiambia kwamba kelele ile ilianza kabla sijamaliza kusema. Nimejiambia hivyo nikiwa chuo cha ualimu, nikiwa nalishwa keki ya harusi yangu, nikiwa najenga chumba cha mama nyumbani kwangu chenye bomba ndani. Siku ile nilirudi, nikakaa kwenye kigoda changu, nimenyoosha mgongo. Alinipakulia ugali na dagaa. Hakuniuliza wamesema nini leo. Nikadhani amechoka. Kesho yake hakuuliza, na hakuuliza tena mpaka tulipohama.

Kwa hiyo mnaona ninavyowadharau wazee wale, na mnaona pia nilivyokuwa nimekaa nao kwenye makochi yale, chai ile ile, maandazi yale yale. Wao wana baridi yao isiyokuwepo, mimi nina kelele yangu ya maji.

Nikarudi sebuleni kwa kukohoa. Hakuna aliyezima kitu. "Pipa halijai lenyewe," nikasema. "Kuna mtu alikuwa analijaza."

Wakanitazama kama nimewauliza hesabu.

"Si mvua?" akasema mzee wa reli. "Zamani mvua zilikuwa nyingi sana, mwalimu."

"Miezi yote ya kiangazi?"

"Zamani mpaka kiangazi zilinyesha," akasema mama fundi, ambaye hakuna hali ya hewa inayomshinda.

Mjane alikuwa amefumba macho. Nilidhani amesinzia. Kumbe alikuwa anatafuta, na akapata. "Alikuwepo mwanamke mmoja," akasema polepole. "Mtu wa ziwani, Kapalamsenga, wapi sijui. Alikuwa anakuja alfajiri na ndoo. Kila siku. Hakuwa na maneno."

"Jina lake nani, mama?" binti akauliza.

"Aa, mimi nilijua jina lake wapi? Nani alimwuliza?" Alisema bila kejeli na bila aibu, kama mtu anavyosema hajui bei ya chumvi imefika ngapi. "Sijui aliishia wapi, masikini."

Mkono wake ulikuwa unakaribia kugusa kitenge cha mama yangu. Na mimi, mwenye mdomo unaojulikana mpaka sokoni, nilikaa kimya. Nilikuwa nimepanga lisemwe na mtu mwingine. Nikisema mimi, bomani itatoka nayo, na bomani ikitoka, binti ataniuliza kwa nini, mbele ya simu, mbele ya mama. Nikabaki nazungusha kijiko kwenye kikombe ambacho sukari yake ilishayeyuka zamani.

Binti akaisogeza simu kuelekea kwa mama. "Mama, na wewe ulikuwa unaishi huku. Huyo mama wa maji unamkumbuka?"

Mama akaweka kikombe kwenye sosa. Akageuza mabega. Hakuyageuza kwenye simu. Aliyageuza kwangu mimi.

"Namkumbuka," akasema. "Alikuwa mchota maji."

Akapangusa makombo ya andazi kwenye kitenge chake.

"Mtoto hakuwa naye."

Mama fundi akasema masikini. Mzee wa reli akavua kofia, nadhani kwa ajili ya marehemu yeyote aliyekuwa anazungumziwa. Miaka thelathini ya ile kelele ya maji ikakauka pale pale kwenye vigae. Alisikia. Alisikia kila silabi, na aliiweka, na alinilea nayo, akauza dagaa nikapata ada, akacheza kwenye harusi yangu, na mwaka hata mwaka hakunirudishia mpaka leo nilipomvalisha kitenge kipya nikamleta kwa nguvu.

"Basi, hicho kipande nitakikata," binti alisema, akiinamia simu yake. "Hakina jina, kitawachanganya watu."

"Usikate," nikasema. Sauti ya mtangazaji haikuja. Ilitoka sauti nyingine, ya kukwaruza. "Huyo mchota maji ni huyu. Huyu hapa, amekaa na nyie. Hajafanya kazi bomani hata siku moja, bomani niliitunga mimi. Uliniuliza ni nani yangu nikakudanganya. Ni mama yangu. Mimi ndiye mtoto wake."

Andazi la mzee wa reli lilisimama njiani. Mjane akafumbua macho, akamtazama mama yangu kwa mara ya kwanza mchana ule, akimchunguza uso, na nikaona kwamba bado hamtambui, kwa sababu uso ule hakuwahi kuutazama. Binti wa nyumba aliangalia simu, akaniangalia mimi, akaangalia simu tena. Alikuwa amefadhaika, na hakuwa na kosa.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Nilikuwa nimeshazima. Subiri niwashe. Rudia basi hivyo hivyo, useme ukiangalia hapa."

Akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Nikafungua mdomo.

"Hana haja ya kurudia," akasema mama. "Mimi nimesikia."

Akaegemea kochi, akashika goti lake kujiandaa kuinuka, akaniomba nimletee viatu vyake kutoka pale mlangoni.